Mti wa Kulea

Gogo nililiokota pwani ya Kujukuri, mashariki ya Tokyo. Nikaliloweka maji matamu wiki kadhaa litoe chumvi, kisha nikalianika. Jirani yangu hapa Saitama, mzee wa miaka 80 na ushei, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema sasa linafaa.

Tulichokusudia kutengeneza ni bonsai, mti wa kudumazwa chunguni, ya aina inayoitwa tanuki. Tanuki ni mnyama wa jamii ya mbwa, uso wake kama wa mtu aliyevaa barakoa, na katika ngano za Wajapani kazi yake ni kujigeuza: leo birika, kesho mtawa. Jina hilo limepewa junipa mchanga, ndugu wa mtarakwa wetu wa Usambara, unaoshikizwa kwenye gogo kavu hadi mpita njia adhani anaona mti wa karne nyingi, uliopigwa na theluji na upepo ukabakiwa na mshipa mmoja tu wa uhai.

Miti ya kweli ya sura hiyo ipo. Zamani watu walijifunga kamba wakateremka magenge ya mlima Ishizuchi, kisiwani Shikoku, kwenda kuing'oa. Tanuki ni njia ya mkato, na kwa desturi haina nafasi katika maonyesho makubwa kama Kokufu-ten, yaliyoanza Tokyo mwaka 1934.

Nilichimba mfereji kwenye gogo kwa patasi nyembamba niliyotoka nayo Tanga. Mdomoni mwembamba, ndani mpana, ili shina likinenepa lisiweze kuchomoka. Nikakwangua gome la junipa upande mmoja, nikaulaza humo, nikaukaza kwa skrubu za shaba na kuufunga kwa nyuzi za mwale. Gogo nikalipaka dawa ya chokaa na salfa, inayonuka kama yai viza. Ilianza na rangi ya manjano, jua likaifanya nyeupe kama mfupa.

Nilimuuliza mzee kama huu si ulaghai. Akanijibu kwamba yeye anazo tanuki 3, na hajauza hata moja.

Jibu lile halikunitosha, maana swali lenyewe linanihusu. Mimi ni mtoto wa kulea. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka 2, nikalelewa na mume wa pili wa mama, seremala wa Ngamiani, Tanga. Nilimwita Baba. Siku ya kuandikishwa shule, mwalimu alitaka kuandika jina lake mbele ya langu. Baba akakataa, akataja jina la marehemu. Nililia njia nzima. Nilidhani amenikana.

Nilikuja kuelewa darsani, tuliposomeshwa habari za Zaid bin Haritha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwacha huru akamfanya mwanawe, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad, mpaka Qurani ilipoagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Akarudi kuwa bin Haritha. Mapenzi hayakupungua: ndiye aliyekabidhiwa bendera ya vita vya Muuta, na ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Kitabu.

Mwembe ukiubebesha, utomvu wa chini hupanda juu, miwili ikawa mmoja. Tanuki haiko hivyo. Gogo halina utomvu wa kutoa, na junipa unaishi kwa mizizi yake mwenyewe. Hata baada ya miaka 20, gome likishavimba na kumeza vichwa vya skrubu, ukiupasua mti utakuta mstari. Wapo wanaosema muda utahalalisha. Mimi naona muda hukaza tu, nasaba haibadilishi.

Je, gogo halijaupa mti kitu? Limeupa mkao. Junipa huu peke yake usingepinda hivi. Nami nikiingia nyumba ya mtu, jicho hutangulia kwenye fremu ya mlango, kuona kama pembe zimekaa sawa, kabla sijamsalimu mwenyeji. Hilo sikulipata kwa damu.

Wanaoiita tanuki uongo wanachanganya malezi na nasaba. Mti haujadanganya kwa kuegemea. Uongo utaanza siku nitakapoulizwa umri wake nikautaja wa gogo.

Baba alipofariki, mirathi iligawiwa wadogo zangu kama sheria ilivyo. Mimi sikuwa na fungu. Lakini alikuwa ameacha wasia: randa moja na patasi 2 nipewe mimi, na katika karatasi ile aliniandika kwa jina langu na la baba yangu marehemu, hakuruka hata herufi. Ile nyembamba ndiyo niliyochimbia mfereji.