Hotuba ya Ijumaa: Anayechanganyika na Watu na Kuvumilia

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ndugu zangu katika imani, baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana: ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu mahali tunapojulikana na mahali tusipojulikana. Kumcha Mungu hapa Kamanyola, ambapo kila jirani anajua wewe ni mtoto wa nani, si kazi kubwa. Kazi ni kule ambako hakuna anayekujua.

Leo nasema juu ya watoto wetu wanaopanda Ngomo kwenda kusoma chuo kikuu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa msikiti huu alipata diploma ya serikali. Sitataja jina lake, wala chuo, wala mji. Usiku wa kuamkia safari, baba yake alimleta kwangu nimwombee dua. Nikamwombea. Kisha nikamwambia: "Mwanangu, kule kuna pombe, kuna zinaa, kuna marafiki wabaya. Usichanganyike na watu. Chumba chako, daftari lako, msala wako, basi." Akaitika: "Ndiyo, mwalimu." Alikuwa kijana mtiifu. Akafanya vile nilivyomwambia.

Mwaka mzima alikaa peke yake. Katika oditwari iliyojaa watu alikaa nyuma kabisa, akiogopa kusema Kifaransa chake cha kijijini. Wenzake wa promosheni walijigawa katika vikundi vya kurudia masomo, yeye hakuingia. Sillabusi ilipotoka, wengine waliambiana wakachanga pesa za fotokopi. Yeye alipata habari mwishoni. Siku ya mtihani mmoja ilipobadilishwa, hakuna aliyempigia simu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na namba yake. Alipougua malaria, alilala siku tatu na mlango wake haukugongwa. Mwisho wa mwaka akaanguka. Na kwa minervali ile baba yake alikuwa ameuza ng'ombe.

Aliporudi alikuja kunisalimia. Hakunilaumu. Aliniambia tu: "Mwalimu, sala zangu zote nilisali. Lakini nilikuwa kama mtu aliyekufa."

Ndugu zangu, usiku ule sikupata usingizi. Nilimpa kijana yule nusu ya dini, nikadhani nimempa yote. Imepokewa kutoka kwa Mtume wetu (S.A.W.) kwamba muumini anayechanganyika na watu na kuvumilia maudhi yao ana malipo makubwa kuliko yule asiyechanganyika na watu wala kuvumilia maudhi yao. Hadithi hiyo naijua tangu utoto, tangu madrasa. Lakini siku ile niliogopa, na mwenye kuogopa husahau anachokijua.

Hofu hii tumeirithi, na wazee wetu walikuwa na sababu. Wakati wa Wabeljiji karibu shule zote zilikuwa mikononi mwa misioni. Mzee Mwislamu alijua kwamba mtoto akiingia shule, mlangoni anasubiriwa na ubatizo na jina jipya. Mwaka 1954 ndipo serikali ya Wabeljiji ilipoanza kweli kuwafungulia Wakongomani shule zisizo za dini. Mwaka huohuo chuo kikuu cha Lovanium kilianza Kinshasa, nacho kilikuwa cha Wakatoliki. Cha serikali kilifuata Lubumbashi mwaka 1956. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, na mwaka 1981 vikagawanywa tena: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Bukavu ilipata tawi la Kisangani mwaka 1993, na tawi hilo ndilo lililokuja kuwa chuo kikuu cha serikali tunachokiita UOB.

Tazameni basi. Mlango ambao wazee wetu walifungiwa, leo uko wazi. Chuo cha serikali hakimwulizi mtu cheti cha ubatizo. Je, sisi wenyewe tuufunge tena, kwa kuwapeleka watoto wetu kisha kuwaambia wakae humo kama wafungwa?

Kuna kosa la pili, nalo ni la yule anayeyeyuka. Nyumbani anaitwa Ramazani, kule anajitafutia jina lingine. Anaogopa kuchekwa, kwa maana yeye ni "bleu", mgeni wa chuo, na kila mgeni anataka kupendwa. Wiki ya kwanza wenzake wanamwita kunywa. Hasemi "mimi sinywi," anasema "leo tumbo linauma." Wiki ya pili tumbo haliwezi kuuma tena. Mwezi wa tatu, moyo wake unamsuta, anataka kusali, lakini anaona haya. Akitandika msala leo, wenzake watauliza: na zile siku zote ulikuwa nani?

Vijana wangu, shikeni neno hili. Ukweli juu ya dini yako ukiusema wiki ya kwanza, ni jambo dogo: "Mimi ni Mwislamu, nipeni sukre, tuendelee na mazungumzo." Watacheka siku mbili, kisha watazoea, na siku ya tatu wao wenyewe watakuagizia sukre. Lakini ukiuficha mpaka mwezi wa tatu, unakuwa mzigo wa kuungama. Anayejificha hapati rafiki hata mmoja, kwa sababu yule wanayempenda siye yeye.

Tazameni masahaba. Makureshi walipowatesa Waislamu wa Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu wahamie Uhabeshi, nchi ya mfalme Mkristo, Najashi. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Waislamu wakaitwa mbele ya mfalme. Walikuwa wachache, wageni, bila ndugu na bila nguvu. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) akasimama kusema kwa niaba yao. Hakujificha, na hakutukana dini ya wenyeji wake. Alieleza kwa adabu walivyokuwa zamani na walivyo sasa, na alipoombwa, akasoma mwanzo wa Suratu Maryam. Najashi akalia, akakataa kuwatoa. Jaafar alikaa katika nchi ile zaidi ya miaka 10, mpaka mwaka wa 7 wa Hijra. Aliishi na watu wasio wa dini yake, wakamjua ni nani, wakamlinda.

Na Abdurahman bin Auf (r.a.) alipofika Madina mikono mitupu, Mtume alimfanya ndugu yake Saad bin Rabii, tajiri wa Madina. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurahman akamwombea baraka, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko. Akaenda soko la Bani Qaynuqa, Mayahudi, akafanya biashara nao, akarudi na jibini na samli.

Mwanangu unayekwenda chuo, nawe uliza soko liko wapi. Soko la chuo ni kikundi cha masomo. Usiingie mikono mitupu. Kama una mwandiko mzuri, andika masomo vizuri, uwape wenzako. Kama hesabu zako ni nzuri, wasaidie walio dhaifu. Wakikukabidhi pesa za fotokopi, rudisha hata faranga iliyobaki. Mtume wetu aliitwa Al-Amin, Mwaminifu, kabla ya utume, na waliomwita hivyo hawakuwa Waislamu. Kikundi kikikutana penye pombe, usikikimbie kikundi. Tafuta mahali pengine, uwaite huko. Na saa ya Ijumaa, usingoje mpaka ugombane na asistanti. Mwanzoni mwa mwaka mwendee kiongozi wa promosheni, umwombe kwa heshima aeleze haja yako wakati ratiba inapopangwa. Wakikubali, mshukuru Mungu. Wakikataa, rudi uulize wenye elimu ya dini, usijiamulie peke yako kuacha yote.

Lakini chagueni. Kuchanganyika na wote si kumfanya kila mtu rafiki wa siri. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu hufuata dini ya rafiki yake, basi kila mmoja atazame anayemfanya rafiki.

Tangu Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na hapa kwetu, watu wamezidi kuogopana. Wako wanaotaka kujua kabila lako kabla ya kujua jina lako. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Hujurat kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele yake ni amchaye zaidi. Mwanafunzi Mwislamu asiwe wa kwanza kukaa na kabila lake tu.

Sasa nasema na wazazi. Mtoto wa kike mwenye diploma msimfungie nyumbani kwa sababu ya hofu yenu. Hofu si hoja ya sheria. Mtafutieni makao ya salama, mtembeleeni, mpigieni simu, na msiulize minervali na pointi tu. Mwulizeni: "Mwanangu, unakula na nani? Ukiugua, nani atagonga mlango wako?" Kama hana jibu, yuko hatarini, hata kama anasali sala tano.

Na sisi wa msikiti: Mtume hakuwaacha wageni wa Madina watafute wenyewe, aliwaunganisha na wenyeji. Baada ya sala, wazazi wenye watoto wanaoanza chuo mwaka huu wabaki hapa. Tutaandika majina, na kwa kila mtoto tutatafuta familia moja ya Waislamu katika mji anaokwenda, impokee siku ya kwanza na imkaribishe chakula siku ya Ijumaa.

Kijana yule wa kwanza alirudi kusoma. Safari ile nilimwombea tena dua, na nikamwomba msamaha. Nilimwambia: "Nenda, sali, na ujue majina ya watu." Alimaliza masomo yake, alhamdulillah. Siku ya furaha yake walikuja wenzake kutoka mbali, wengi wao si Waislamu, na kabla hatujaanza kula ni wao waliouliza maji ya udhu ya mwenzao yako wapi.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Ewe Mola wetu, walinde watoto wetu huko waliko, uwape marafiki wema, uwafanye wema kwa marafiki zao, na uipe nchi yetu amani. Amina.