Elimu ya Mlima ni ya Nani?

Wazee walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Mlima Kenya, ambao kilele chake kirefu, Batian, kina urefu wa mita 5,199, umewakutanisha watu wengi. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kileleni pamoja na waongozaji wawili kutoka Ulaya. Majina yao yameandikwa vitabuni. Lakini majina ya wapagazi waliobeba mizigo yao, ni nani ayajuaye leo? Ndani ya swali hilo mna swali kubwa zaidi: mtu ajapo kutafuta elimu katika nchi ya wengine, je, ana deni kwa wenyeji?

Nilianza kuliwaza jambo hili nilipokuwa nikifundisha karibu na mto mmoja utokao mlimani humo. Mtoni palikuwa pamesimamishwa ubao wenye alama za kupimia kina cha maji. Siku moja mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ubao ule huwaambia nini waliousimamisha?" Nikamjibu kwamba huwaambia maji yamepanda au yameshuka kiasi gani. Akasema, "Hayo nayaona kwa macho yangu. Nauliza, waliyoambiwa mwaka jana yako wapi?" Sikuwa na jibu, nami niliona haya.

Wako watakaosema kwamba mtaalamu hana deni. Kazi yake ni kutafuta kweli, na kweli ni mali ya watu wote. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwaka 1934 wataalamu wa Kijerumani walichora ramani ya barafu ya Lewis, iliyo chini ya vilele vya mlima huo. Kwa kuwa ramani ile ilitunzwa, wataalamu kutoka Austria waliopima tena mwaka 2010 waliweza kutambua kwamba sehemu tisa katika kumi za barafu hiyo zimekwisha. Mzee mwenye kumbukumbu njema angeweza kusema kwamba barafu imepungua. Kiasi hicho asingeweza kukitaja.

Tena vipimo vimesahihisha dhana yetu. Wengi hudhani kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Kumbe maji mengi ya mito hiyo hutokana na mvua inyeshayo juu ya msitu na nyasi zilizo juu yake. Barafu huchangia kidogo tu. Basi mtu aililiaye barafu huku akikata msitu, huomboleza kilichokwenda na kuharibu kilichobaki.

Lakini ikiwa kweli hiyo yajulikana ng'ambo, na mwenye shoka hajaisikia, yafaa nini? Ni kama dawa iliyofungiwa sandukuni huku mgonjwa akiugua mlangoni. Tena mwenyeji naye ana elimu yake. Anajua chemchemi ipi haikukauka wakati wa ukame, na mifugo ilipelekwa wapi. Ubao hupima maji, haupimi kiu.

Upo mfano mwema. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, wameshirikiana na wenzao wa Kenya kupima mvua na mito upande wa Laikipia. Maji ya huko huingia mto Ewaso Ng'iro, yakapita katika mashamba na kuwafikia wafugaji wa Samburu na Isiolo. Wakati wa kiangazi watu wa juu wakichota mno, watu wa chini hukosa, na ugomvi huzuka. Kwa ajili hiyo watumiaji wa maji waliunda vyama vya kugawana maji, na sheria ya mwaka 2002 ikavitambua. Katika mkutano wa namna hiyo, kipimo kikiwekwa mbele ya wote, mtu wa juu hawezi kudai kwamba mto umejaa, wala wa chini hawezi kudai kwamba ameibiwa wote. Hesabu haina ukoo.

Hata hivyo, elimu ikisharudishwa, deni humhamia mwenyeji. Yule afunguaye mfereji wake usiku, hali amekwisha kusikia hesabu ya mto, hawezi tena kujitetea kwa kutojua.

Methali yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Haikusema mgeni aje apate sifa na kwenda zake, wala haikusema mwenyeji akae kitako angoje kuponywa. Baadhi yenu mtakuwa wataalamu, na huenda mkaitwa kupima milima ya watu wengine. Siku hiyo ninyi ndio mtakuwa wageni. Mtakapokuwa mmesimamisha ubao wenu mtoni, rudini mwaka wa pili, mkae na mzee yule, mumjibu swali lake.