Kuacha na Kuzuia

Mafungu ya kusoma: Mwa. 20:1–7, 1 Sam. 2:12–17, 22–29, 3:11–14, Luka 15:11–24, Rum. 12:19, 2 Thes. 2:6, 7.

Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotolewa mwaka 1611, hukutana na neno dogo linaloweza kumchanganya. Neno hilo ni "let". Katika mafungu mengi maana yake ni kuruhusu. Lakini Paulo anapowaeleza Warumi kwamba alikusudia kwenda kwao akazuiliwa (Rum. 1:13), wafasiri walitumia neno lilo hilo. Ndivyo walivyofanya pia katika Isaya 43:13 na 2 Wathesalonike 2:7, mahali ambapo Biblia ya Kiswahili husema "kuzuia". Neno moja, ndani ya kitabu kimoja, linafungua mlango na kuufunga.

Katika Kiingereza cha kale hayo yalikuwa maneno mawili. La kwanza lilimaanisha kuacha au kuruhusu. La pili, kuchelewesha au kuzuia. Matamshi yao yalikaribiana hata yakaandikwa namna moja. Leo maana ya kuzuia imekaribia kusahauliwa. Imebaki katika lugha ya sheria, katika pasipoti ya Uingereza inayoomba mwenye nayo apite pasipo kizuizi, na katika mchezo wa tenisi, pale mpira wa kuanzia unapogusa wavu na kulazimu kurudiwa.

Kiswahili nacho kina neno la namna hiyo. "Mwache aende" ni ruhusa. "Acha!" akiambiwa mtoto anayempiga mwenzake, ni katazo. Na mtu aliyeachwa njiani peke yake ametelekezwa. Basi anayesema, "Nimemwacha," bado hajaeleza kama ametenda jema au baya.

Soma 1 Samweli 2:22–29 na 3:13. Kosa la Eli lilikuwa nini hasa?

Eli hakuiba nyama ya sadaka, wala hakuwatendea uovu wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Waliofanya hivyo ni Hofni na Finehasi. Wala hakunyamaza: aliwaita wanawe, akawaambia kwamba habari zao ni mbaya. Hata hivyo hukumu ilimwangukia yeye pia, kwa kuwa alijua, wala hakuwazuia. Alikuwa kuhani na mwamuzi wa Israeli kwa miaka 40 (1 Sam. 4:18). Mamlaka ya kuwaondoa madhabahuni yalikuwa mikononi mwake, naye akatumia maneno tu. Fungu la 2:29 linaongeza jambo zito zaidi: aliwaheshimu wanawe kuliko Mungu, na nyumba yake ikanenepa kwa sehemu bora za sadaka. Ellen G. White, katika sura ya Wazee na Manabii inayohusu Eli na wanawe, anamwonesha kama baba aliyependa amani na raha kuliko wajibu wake.

Lakini yuko baba mwingine katika Maandiko aliyemwacha mwanawe aende, wala Yesu hakumlaumu. Baba wa mwana mpotevu aligawa mali, akamwona kijana akiondoka, wala hakumfunga mlango. Kwa nini kuacha kwa huyu kuwe upendo, na kuacha kwa Eli kuwe dhambi?

Tofauti yaonekana katika swali hili: ni nani aliyelipa gharama? Mwana mpotevu alitapanya fungu lake mwenyewe, na njaa iliyomkuta ilikuwa yake. Wana wa Eli walilipisha wengine: mwabudu aliyenyang'anywa nyama kwa nguvu, na wanawake waliokuja kutumika mbele za Bwana. Kumwachia mtu uhuru wake ni kumheshimu. Kumwachia uhuru wa kumwonea asiye na nguvu ni kushirikiana naye, hata kama mkono wa anayeacha haukugusa kitu.

Mungu mwenyewe hufanya yote mawili. Alimwacha Adamu achague. Lakini alimzuia Abimeleki asimguse Sara (Mwa. 20:6), kwa kuwa mke wa mtu mwingine alikuwa hatarini, na kizuizi hicho kilikuwa rehema kwa Sara na kwa mfalme pia.

Makanisani husikika mara nyingi neno, "Tumwachie Mungu." Ni neno jema linapohusu kisasi (Rum. 12:19). Lakini mzee wa kanisa anapojua kwamba mhazini anachukua fedha za sadaka, au baraza linaposikia kwamba binti wa kanisa ameharibiwa na mtu anayeheshimiwa, kisha likasema hivyo ili jina la kanisa lisichafuke, hapo Mungu hajaachiwa kitu. Aliyeachwa ni yule binti. Kisasi ni cha Mungu; ulinzi wa mdogo amewakabidhi watu, na vyombo vya sheria pia amevipa sehemu yao (Rum. 13:3, 4).

Eli alipoambiwa hukumu ya nyumba yake, alijibu kwamba ni Bwana, na afanye alivyoona vyema (1 Sam. 3:18). Lilikuwa jibu la unyenyekevu. Lakini hata hapo, hakuna andiko linalosema kwamba aliinuka akawaondoa wanawe madhabahuni.

Maswali ya Kujadili:

1. Mzazi atajuaje kwamba wakati wa kumzuia kijana wake umepita, na wakati wa kumwacha umefika?

2. Ni kwa namna gani kanisa linaweza kumkemea mkosaji kwa maneno, kama Eli, na bado likawa limemruhusu?

3. Je, kuna mtu leo anayeumia kwa sababu mwenye uwezo wa kuzuia ameamua kuacha? Ni hatua gani ya kwanza inayopaswa kuchukuliwa juma hili?