Difyuza ya Motokaa: Ni Haja, ni Pambo, au ni Israfu?

Tumeulizwa katika darsa yetu na kijana mmoja mwenye motokaa ya Subaru, ambayo huenda nayo na kurudi baina ya Migori na Homa Bay, kama yamfalia kutoa fedha kununua kile kipande kitiwacho chini ya bampa ya nyuma, chenye mapezi yaliyosimama, ambacho mafundi hukiita difyuza. Baadhi ya waliohudhuria walicheka, wakaona hili si suala la darsa. Sisi hatukucheka. Mali ni amana, na tumefundishwa kwamba mja ataulizwa Siku ya Kiyama wapi aliichuma na katika nini aliitumia. Basi hakuna shilingi iliyo ndogo hata isiulizwe.

Kwanza yatupasa tukijue kitu chenyewe, kwani kulihukumu jambo usilolijua ni ujinga, hata hukumu yako ikisadifu haki. Motokaa iendapo mbio, hewa hupita juu yake na hupita chini ya tumbo lake. Hii ya chini, kwa kubanwa baina ya tumbo na barabara, hukimbia zaidi, na msukumo wake hupungua. Hapo motokaa huvutwa chini, na magurudumu yakaishika njia barabara. Kazi ya difyuza ni kuifungulia hewa hiyo mlango wa nyuma upanukao kidogo kidogo, ili ipunguze mbio zake pasi na vurugu. Huu si uzushi wa wauzaji. Mwaka 1978 Mario Andretti alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1, na ushindi wake mwingi aliupata kwa Lotus 79, gari lililoundwa juu ya elimu hii ya hewa ya chini. Na mwaka 2009 timu ya Brawn ilitwaa ubingwa kwa gari ambalo difyuza yake ya ghorofa mbili ilishitakiwa na wapinzani, na wakuu wa mchezo wakaihalalisha.

Lakini faida hiyo ina masharti. Tumbo la gari liwe sawasawa tangu mbele, si lenye mabomba na mashimo. Gari liwe chini, karibu na ardhi. Pembe ya kipande iwe ya kiasi, kwani ikizidi hewa hubanduka na kazi hubatilika. Na kubwa kuliko yote, gari liwe mbioni kweli kweli. Nguvu hii hufuata mraba wa mwendo: ukipunguza mwendo nusu, nguvu husalia robo. Aendaye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mjini kwa sheria ya Kenya, hupata sehemu moja katika kumi na sita ya ile aipatayo mwenye kwenda 200. Na ni nani mwenye akili atakayekwenda 200 kutoka Rongo kushuka Homa Bay, au pale Awendo palipo na malori ya miwa, na matuta, na punda, na watoto watokao shule?

Tena tumeona ajabu. Vijana hawa hawa, kwa kuyaogopa matuta, huziinua Subaru zao kwa kutia spesa juu ya springi. Kisha huenda wakatia difyuza, kitu kitakacho gari liwe chini. Wakiulizwa, husema Subaru ni gari la mashindano. Ni kweli kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru mwaka 1997. Lakini magari ya Safari ya zama zile yaliinuliwa juu na kukingwa tumbo kwa bamba, kwa sababu njia zetu ndizo zilizotaka hivyo.

Hapa tungependa kusema neno ambalo huenda likawachoma baadhi yetu. Sisi watu wa darsa ndio tulio mbele kumkemea dereva atundikaye hirizi kwenye kioo akidhani itamlinda na ajali. Twamwambia: wapi dalili yako? Basi na huyu aliyeparaza plastiki nyuma ya gari, akaamini kwamba sasa gari lashika kona, akazidisha mwendo kwa imani hiyo, dalili yake i wapi? Hakupima, wala hakumuuliza aliyepima. Kamwona mwenzake nayo. Taqlidi ni taqlidi, ikiwa ya kaburi au ya gereji. Na hii ya pili yaweza kumuua mwenye bodaboda asiyejua chochote.

Litasemwa: basi na iwe pambo tu. Naam, pambo si haramu. Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba farasi na nyumbu na punda wameumbwa tuwapande na wawe pambo. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, hakuyahesabu hayo kuwa kiburi. Hatuna ruhusa ya kuharimisha kilichohalalishwa, na wako wenzetu wapendao sana kazi hiyo. Lakini yeye mwenyewe pia aliwagawa wafugao farasi mafungu matatu, na mmoja wao ni yule ambaye farasi wake ni mzigo wa dhambi juu yake, kwa kuwa amemfuga kwa fahari na kujionyesha. Farasi ni yule yule. Kilichobadilika ni moyo wa mwenyewe. Na muuzaji amwambiaye mnunuzi kwamba pambo hili litamwongezea gari nguvu, naye ajua kuwa si kweli, huyo ameghushi.

Tukamuuliza kijana hali yake. Akasema kwamba karo ya ndugu yake mdogo haijalipwa muhula huu, na kwamba tairi mbili za nyuma zimekwisha kunyoka. Tukamwambia alipe karo, kisha anunue tairi, kwani hizo ndizo zitakazoishika barabara ya Homa Bay wakati wa mvua. Mmoja wetu alishikilia kwamba akisha kulipa hayo, bado aiache. Wengine tukaona kwamba fedha ikibaki, na bei ikiwa ya haki, na kipande kikafungwa madhubuti kisije kikadondoka mbele ya mtu, hatuna la kumzuilia. Suala hilo la pili tumeliacha wazi mpaka darsa ya Alkhamisi ijayo.