Kairo na Umoja wa Elimu

Tangu Chuo Kikuu cha Misri kilipofunguliwa Kairo mwaka 1908, katika jiji moja na chuo cha Kiislamu cha Al-Azhar kilichokwisha kusomesha kwa karne nyingi kwa nguvu ya wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala isirithiwe, jiji hilo limeishi na swali la iwapo elimu ya dini na ya dunia ni mbili au moja. Sheria ya Misri ya 1961, iliyoingiza udaktari na uhandisi ndani ya Al-Azhar, ilizikutanisha kwa amri; lakini mwanachuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuihesabu tiba kuwa faradhi kifaya, wajibu ambao wakiutimiza baadhi wengine husalimika, akasikitika, na kwa haki kabisa, kwamba wanafunzi walisongamana kwenye fikihi, elimu ya sheria za dini, ilhali miji ilikosa matabibu Waislamu.