Mawe ya Bahari Chini ya Meru

Katika tangi jipya la samaki wa bahari, mawe hupangwa kabla ya mchanga kumwagwa. Yale ya chini hukalishwa juu ya kioo cha sakafu chenyewe, kwa kuwa wapo samaki na kamba wachimbaji, na jiwe lililokalia mchanga huweza kuporomoka likapasua tangi.

Arusha, mbali na pwani, kazi huanzia kwenye kuchagua. Miteremko ya Mlima Meru imejaa mawe meusi ya volkano yenye vitundu vingi. Yanavutia, ila baadhi hubeba madini yanayoweza kuyadhuru matumbawe. Jiwe la chokaa lililokauka ni salama zaidi. Kung'oa mwamba hai baharini ni uharibifu, na hakuna pambo la sebuleni linalostahili gharama hiyo.

Maji nayo yana mambo yake. Bahari ina floridi ya takriban miligramu 1.3 kwa lita, na baadhi ya vyanzo vya maji kuzunguka Meru hupita kiwango hicho mara kadhaa. Hivyo maji huchujwa kwanza, ndipo huongezwa chumvi ya bahari, kama gramu 35 kwa lita.

Ndani ya vitundu vya mawe huishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati. Wanahitaji maji yanayopita. Ukuta uliosongamana hukusanya uchafu nyuma yake. Mapango na mianya ni bora, pamoja na nafasi ya mkono kupita kusafisha kioo. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuenea, na samaki huingizwa baadaye, wachache wachache.