Umri, Staha na Usukani

Katika swali la kama mtu anaweza kuwa mzee mno kuendesha gari la michezo, neno lenye mzigo mkubwa si "mzee" wala si "michezo" bali ni "mno", kwa sababu anayelitamka hasemi tu kwamba miaka imepita. Anadai pia kwamba upo mpaka, kwamba mpaka huo umekwisha kuvukwa, na kwamba yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuutambua. Fasili za maneno hayo mengine mawili hazina ugumu wa kusimamisha hoja. Gari la michezo ni gari lililoundwa lichomoke upesi, likamate barabara kwenye kona na lisimame katika umbali mfupi kuliko gari la kawaida la familia, na uzee ni hali ya kuwa umeishi miaka mingi kiasi cha mwili kuanza kuonyesha. Hayo yanatosha, maana wanaogombana juu ya jambo hili hawagombani juu ya maana ya gari.

Ugomvi uliozaa insha hii ulitokea Nakuru, nchini Kenya, katika familia ya mpima ardhi mstaafu wa miaka 72, ambaye watoto wake walimwitia kikao baada ya chakula cha mchana siku ya Jumapili wakamtaka akabidhi ufunguo wa Subaru Impreza yake ya buluu. Hakuwa amegonga mtu wala mti, hakuwa amepigwa faini, na hapakuwa na daktari aliyesema neno lolote kuhusu macho au moyo wake. Ushahidi uliotolewa ulikuwa mmoja tu, nao unastahili kuangaliwa kwa karibu: kwamba siku hizi baba akifika nyumbani anasahau kuzima gari, anakaa kwenye kiti dakika nzima au mbili, mikono juu ya mapaja, injini ikiunguruma. Yeyote aliyewahi kutunza gari la aina hiyo anajua kilichokuwa kikiendelea. Injini ya gari hilo ina turbo, yaani kifaa chenye feni ndogo inayozungushwa kwa nguvu ya moshi unaotoka, ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Kifaa hicho huwaka moto mkali gari likipanda mlima au likikimbizwa, na injini ikizimwa ghafla, oili iliyobaki ndani yake huacha kuzunguka, ikaungua na kuganda. Mzee alikuwa anaipoza turbo. Umakini wake ulisomwa kuwa usahaulifu, na waliousoma hivyo ndio waliokuwa wakitoa hukumu juu ya uwezo wake.

Zipo hoja za haki dhidi ya dereva mzee, na hakuna sababu ya kuzikataa. Muda wa kuitikia, yaani muda unaopita kati ya jicho kuona hatari na mguu kugusa breki, hurefuka kadiri umri unavyosonga, na gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hula karibu mita 14 za barabara katika kila nusu sekunde inayoongezeka. Mboni ya jicho la mzee hupitisha mwanga kidogo, jicho lake huchelewa kupona baada ya kumulikwa na taa za lori, na shingo iliyokakamaa haigeuki vizuri kutazama nyuma. Watumiaji wengine wa barabara hawakuombwa idhini wabebe hatari hiyo. Yote haya ni kweli, na yote yanapimika, kwa hiyo jibu lake ni kupima.

Hoja isiyopimika ndiyo iliyoshinda katika kikao kile. Mwana mkubwa aliisema kwa upole, akiwa ameinamisha kichwa kama inavyopasa mbele ya mzazi: "Baba, watu wanaongea." Hii inaweza kuitwa hoja ya staha, yaani dai kwamba kila umri una mavazi yake, mwendo wake, sauti yake na chombo chake cha kusafiria, na kwamba mzee anayetoka nje ya mpangilio huo anajivunjia heshima na kuwaaibisha wake. Ni hoja ya zamani, wanaoitumia wana nia njema, na kwa sababu hizo mbili ni vigumu sana kuijibu bila kuonekana mkorofi. Lakini lazima ijibiwe kwa kirefu, kwa kuwa mara nyingi huvaa nguo za hoja ya usalama, ikaingia mlangoni kama huruma na kutoka na ufunguo wa gari.

Namna ya kuivua nguo hizo ni kutazama kile ambacho mzee huyo alipewa badala ya gari lake. Hakuambiwa aache kuendesha. Aliambiwa achukue gari kubwa jeupe la binti yake, lenye viti saba, refu kwa kimo na zito kuliko Impreza, ambalo kwa uzito huo linahitaji nguvu zaidi ya breki ili lisimame, na kwa kimo hicho huyumba zaidi kwenye kona. Ikiwa macho yake yamefifia, yatafifia ndani ya gari hilo pia. Ikiwa mguu wake umekuwa mzito, utakuwa mzito juu ya breki ya gari hilo pia, na kitakachokuja mbele ya mtembea kwa miguu kitakuwa na uzito mkubwa zaidi. Mtu anayejali usalama hawezi kupendekeza mabadilishano hayo. Anayeweza kuyapendekeza ni yule anayejali picha: mzee mwenye mvi akiteremka kutoka gari la buluu lenye bawa nyuma na ekzosi inayonguruma, mbele ya kanisa, majirani wakitazama.

Watetezi wa staha wakibanwa hapo hurudi nyuma hatua moja, wakasema kwamba tamaa ina msimu wake na kwamba hekima ya uzee ni kuachana na vitu vya ujana. Fikra hii ina ukoo mkubwa. Mwanzoni mwa *Jamhuri*, kitabu cha Plato, mzee Cephalus anasimulia jinsi Sophocles, mtunzi wa tamthilia, alivyofurahi uzeeni kwa kuepukana na mapenzi ya kimwili kama mtumwa aliyemtoroka bwana mwenye wazimu. Simulizi hilo hutajwa mara kwa mara kana kwamba ni amri, ilhali linahusu mtu anayeeleza ahueni yake mwenyewe. Katika simulizi hilo, Sophocles hakufungiwa mlango na wanawe. Kati ya mtu ambaye hamu imemtoka na mtu aliyenyang'anywa anachokitamani kuna tofauti ya msingi, na anayemtolea wa pili mfano wa wa kwanza anamwomba ashukuru kwa kuporwa.

Tena, nani aliupanga msimu huo? Mpima ardhi huyu alipokuwa na miaka 22, mwaka 1974, alisimama kwenye matope ya Pasaka kumtazama Joginder Singh akipita na Mitsubishi Colt Lancer katika Safari Rally, mbio alizoshinda mwaka huo baada ya kuzishinda mara ya kwanza mwaka 1965 kwa Volvo. Macho na miguu ya ujana alikuwa navyo, fedha hakuwa nazo. Zilipokuja zilikuwa na majina ya karo, ya paa, ya hospitali ya mama mkwe, na gari la buluu lilingoja hadi mtoto wa mwisho alipohitimu chuo kikuu, mwenyewe akiwa na miaka 66. Walioambiwa "subiri" na maisha kwa miaka 40 na zaidi, wakasubiri kwa ajili ya watoto, wanaambiwa na watoto haohao kwamba wakati umepita. Si lazima mtu awe mwanafalsafa ili aone kwamba hesabu hii ina upande mmoja tu unaolipa. Na hapo halijatajwa jambo la mjukuu wa miaka 23, ambaye huendesha gari la aina hiyohiyo kwa fujo, na ambaye hajawahi kuitiwa kikao, kwa kuwa ya kijana huitwa damu moto na husamehewa. Mwanamke mwenye miaka 72 angetendewa vibaya zaidi, maana hakuna ambaye angedhani hata kwamba yeye alikuwa akisubiri.

Inafaa kusimama kidogo kwenye lugha yenyewe, kwa kuwa Kiswahili kinafikiri juu ya umri kwa makini kuliko wengi wa wasemaji wake. Kitu kilichoishi sana huwa kuukuu: nguo kuukuu, nyumba kuukuu. Kilicholiwa na matumizi huwa chakavu, na uchakavu hauhesabu miaka, kwa kuwa kiatu cha mwezi mmoja kinaweza kuwa chakavu. Mtu huwa mtu mzima, kisha mzee, na baadaye shaibu akiwa mwanamume au ajuza akiwa mwanamke, na mwisho kikongwe. Lakini kutoka shina hilo la mwisho limechipuka "mkongwe" kwa maana ya sifa, kama katika "mwanasiasa mkongwe" au "mwanamuziki mkongwe", ambapo miaka haimpunguzi mtu bali inamthibitisha. "Mzee" nalo ni jina la umri na ni cheo pia. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee, na hakuna aliyedhani kwamba anatukanwa. Utu uzima dawa, husemwa. Kitabu cha maisha ya mwandishi Shaaban Robert kina jina la *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, kana kwamba hamsini ni kizingiti chenye chumba kingine upande wa pili, naye alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Leo mtu wa umri huo husemwa kuwa yuko katikati ya kazi. Lugha basi inatenganisha miaka, uchakavu, cheo na ujuzi, na inao msamiati wa kila kimoja. Hoja ya staha hurundika vyote vinne katika neno moja na kulitupia mtu usoni.

Hata sheria ya Kenya ya kuingiza magari ina chembe ya utambuzi huo. Gari lililozidi umri wa miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, lakini mpaka huo ni wa bandarini. Likishaingia, kinachoulizwa ni breki, matairi na taa, na magari ya miaka 30 yanapita barabarani kila siku kwa sababu kuna fundi aliyeyatunza. Chuma kinapewa nafasi ya kuonyesha hali yake. Mpima ardhi hakupewa.

Mbio za Safari zenyewe zimewahi kutoa majibu ambayo kikao hakikuyauliza. Björn Waldegård wa Uswidi alishinda Safari Rally mwaka 1990 akiwa na miaka 46, na rekodi yake ya kuwa mshindi mzee kuliko wote katika ubingwa wa dunia ilidumu hadi Sébastien Loeb alipoivunja Monte Carlo mwaka 2022, akiwa na miaka 47. Mwaka 2011, katika mbio za magari ya zamani za Afrika Mashariki, Waldegård alishinda tena kwa Porsche 911 akiwa na miaka 68. Na Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Sobiesław Zasada wa Poland, aliyeshika nafasi ya pili katika mbio hizo mwaka 1972, alikuja Naivasha kushindana akiwa na miaka 91. Itasemwa kwamba hawa ni watu wa kipekee, na ni kweli, hawathibitishi lolote kuhusu mstaafu wa kawaida isipokuwa kwamba mpaka haumo ndani ya tarakimu. Jambo moja katika ushindi wa 2011 lina uzito zaidi ya umri: mwelekezi, yaani anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, alikuwa Mathias, mtoto wa Waldegård. Yeye alikaa kiti cha kushoto au cha kulia, haidhuru, lakini alikaa ndani ya gari na baba yake, akimwambia kona inayokuja ni kali kiasi gani, na kwa kufanya hivyo alikuwa na nafasi ya kujua, kwa mwili wake mwenyewe, kama mkono ule bado uko imara. Kati ya watoto wanne waliohudhuria kikao cha Nakuru, hakuna aliyekuwa amepanda gari la baba yao kwa muda wa mwaka mmoja.

Linabaki tatizo ambalo hasira dhidi ya staha hailitatui. Uwezo unapopungua, mara nyingi kipimo cha uwezo hupungua pamoja nao, hivi kwamba anayechelewa kuona hachelewi tu kuona gari linalokuja, anachelewa kuona kwamba anachelewa. Dereva hawezi basi kuwa hakimu pekee wa kesi yake, na watoto wanaoona haya mbele ya majirani hawawezi kuwa mahakimu wa haki. Daktari anaweza kupima jicho na shingo, lakini hapimi uamuzi wa sekunde moja katika mteremko wa Mai Mahiu, ukungu ukiwa umetanda na lori limekatika breki.

Miaka miwili kabla ya kikao, bila kuombwa na mtu, mpima ardhi alikuwa ameacha kuendesha usiku. Jua likianza kushuka alikuwa akiaga, hata katikati ya harusi, na familia ilidhani ni usingizi wa wazee. Hakuna aliyeuliza sababu siku ile mezani, naye hakuitaja. Inawezekana kuisoma habari hiyo kama uthibitisho kwamba alikuwa akijipima kwa ukali kuliko ambavyo wangempima wao, na inawezekana vilevile kuisoma kama dalili ya kwanza ya kile walichokihofia. Na mtu anayetaka kumtetea analazimika kuzishika tafsiri zote mbili kwa wakati mmoja, huku gari la buluu likiwa limeegeshwa chini ya turubai nyumbani kwa kitinda mimba, matairi yakipoteza upepo taratibu.